Somo la Saba: Kuchagua RAM kwa Kompyuta ya Nyumbani Inayosuasua

Lengo: Baada ya somo hili, mlaji ataweza kutambua iwapo kompyuta yake inahitaji kuongezewa RAM, kuchagua inayofaa, na kulinda haki yake akiuziwa isiyo sahihi.

Tuchukue mfano wa mzazi wa Ujiji ambaye kompyuta ya watoto wake huchukua dakika kadhaa kufungua waraka mmoja. Anashauriwa kuongeza RAM, anatuma fedha Kariakoo, na kifurushi kinasafiri zaidi ya kilomita 1,200 hadi Kigoma. Kikifika, RAM haiingii kwenye sloti. Muuzaji anasema alituma alichoagizwa, na nauli ya kuirudisha inakuwa chanzo cha mzozo. Hasara hii huzuilika kabla fedha hazijatoka mfukoni.

1. Thibitisha chanzo cha tatizo

RAM ni kumbukumbu ya muda inayohifadhi kazi inayoendelea. Ikijaa, kompyuta huazima nafasi kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi. Kwa kompyuta yenye Windows, fungua programu unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Linganisha asilimia ya kumbukumbu na ya diski. Kumbukumbu ikikaribia kujaa kila mara, RAM itasaidia. Ikiwa bado ina nafasi ilhali diski ya kizamani inasoma asilimia 100, ni heri fedha hizo zinunue diski ya SSD.

2. Tambua aina

DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Pengo la kila moja limewekwa mahali tofauti. RAM ya kompyuta mpakato ni fupi, takriban nusu ya ile ya kompyuta ya mezani. Baadhi ya kompyuta mpakato zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao, nazo huenda zisiongezeke kabisa. Mwombe fundi akuonyeshe idadi ya sloti, na aangalie kiwango cha juu ambacho kompyuta inakubali.

3. Amua kiasi

Kwa kuandika barua, masomo na intaneti, gigabaiti 8 hutosha watumiaji wengi. Kazi za video na picha nzito huhitaji 16. Windows ya biti 32 ya nyumbani haitumii zaidi ya gigabaiti 4. Kuinunulia zaidi bila kubadili mfumo ni kupoteza fedha.

4. Nunua kwa ushahidi

Nenda dukani na RAM ya zamani. Unapoagiza kutoka mbali, tuma picha ya lebo yake na uombe jibu la maandishi linalotaja aina, ukubwa na masharti ya kurudisha. Dai risiti yenye maelezo hayo na dhamana iliyoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Inapowezekana, RAM ifungwe mbele yako, kompyuta iwashwe, na ukubwa unaoonekana kwenye kioo ulingane na uliolipia.

5. Ukiuziwa isiyo sahihi

Bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Acha kuitumia, hifadhi kifungashio, kisha mwandikie muuzaji ukiambatisha nakala ya risiti. Asipokusikiliza, wasilisha lalamiko Tume ya Ushindani (FCC), au omba ushauri wa afisa biashara wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji.

Ni vema kukumbuka kwamba aliyeagiza DDR3 kwa makosa na kuletewa DDR3 hana dai la kuletewa bidhaa isiyolingana na maelezo. Ndiyo maana hatua ya pili haipaswi kurukwa.

Maswali ya kujipima

(a) Kumbukumbu inasoma asilimia 45 na diski asilimia 100. Je, utanunua nini?
(b) Taja mambo matatu yanayopaswa kuandikwa kabla ya kutuma fedha.
(c) Kwa nini RAM ya zamani isiachwe nyumbani uendapo dukani?