Usimwandikie Mama Yako Wasifu wa Marehemu

Misibani kwetu kuna ndugu anayesimama na karatasi kabla ya safari ya makaburini, akasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akafunga ndoa, akaugua, ameacha mjane na watoto sita. Karatasi hiyo ina kazi yake, na huifanya vizuri. Taabu huanza pale tunapokaa kuandika kuhusu mama, babu, au nyumba iliyotulea, halafu tukaandika karatasi ile ile. "Mama yangu alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mwenye upendo kwa wote." Futa jina la mama huyo, weka la jirani. Kama hakuna kilichoharibika, ujue bado hujaanza kuandika.

Mimi huwashauri wanaoanza waache watu kwanza, waanze na nyumba. Chukua karatasi, chora ramani ya nyumba uliyokulia. Kama ni nyumba ya Kiswahili ya Tanga au ya Temeke, chora kibaraza, chora korido inayokata katikati, vyumba huku na huku, kisha uani: jiko, kamba ya kuanikia, choo, pipa la maji. Andika nani alilala wapi. Wapangaji walikuwa chumba kipi? Mjomba aliyekuja "kwa wiki moja" akakaa miaka alitandika wapi mkeka? Mlango gani haukufunguliwa mbele ya watoto? Penseli ikifika mahali ikasita, hapo pana kisa. Anza kuandika kutoka hapo.

Sasa chagua kitu kimoja ndani ya ramani hiyo ukikaribie. Tuseme unataka kusema bibi alikuwa mkarimu ingawa maisha yalikuwa magumu. Usiseme. Andika hivi:

Sukari ya bibi ilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo likakaa ndani ya sanduku, na ufunguo wa sanduku ulifungwa kwenye pindo la kanga yake. Mgeni akipiga hodi, bibi aligeukia ukutani, akalegeza fundo kwa meno, akaingia chumbani, akatoka na vijiko viwili vya sukari kiganjani. Sisi tulikunywa chai yetu kavu, macho chini.

Neno "mkarimu" halimo na halihitajiki. Ongeza jambo moja tu: mwaka. Ikiwa ni mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mtanzania yeyote wa umri ule atakumbuka foleni za sukari na sabuni kwenye maduka ya ushirika, na ataelewa ukubwa wa vile vijiko viwili. Historia ya nchi imeingia chumbani kwa bibi bila wewe kuhutubia. Ndiyo maana napenda sana vitu vidogo: kopo hubeba habari ambayo sifa haiwezi kuibeba.

Aliyelijua hili mapema ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 akaja kuitwa Emily Ruete. Akiwa Ujerumani aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa mwaka 1886. Akiieleza nyumba ya Mtoni alikozaliwa, anatupeleka uani, ambako tausi, paa, bata na mbuni walizunguka huru. Leo nyumba ile ni magofu. Wale mbuni bado wanatembea, kwa sababu mtu aliwaandika mbuni, hakuridhika na kuandika kwamba lilikuwa jumba la fahari.

Kumbukumbu yako peke yako haitatosha, kwa hiyo itabidi uwaulize wazee. Hapa wengi hukosea kwa swali la kwanza: "Shangazi, hebu nieleze maisha yako." Shangazi atakujibu kwa wasifu wa marehemu, akiwa hai. Muulize maji walichota wapi. Muulize viatu vya kwanza alivivaa lini, na nani alivinunua. Muulize usiku wa harusi yake walipika nini na nani alinuna. Usimbane kwa tarehe, maana wazee wengi wanahesabu miaka kwa matukio. Uliza: ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha au baada yake? Mlikuwa mmeshahamishwa wakati wa Operesheni Vijiji? Kaka alikuwa amerudi kutoka vita vya Kagera? Kwa njia hiyo utapata 1967, utapata 1974, utapata 1979, na pamoja na kila mwaka utapata sauti iliyoubeba. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwa simu. Na ukishaizima, usiondoke haraka. Kaa, kunywa chai. Mara nyingi neno lenyewe hutoka hapo.

Ndugu wawili watakusimulia jambo moja kwa namna mbili. Baba mdogo atasema shamba liliuzwa kwa ajili ya ada. Shangazi atasema liliuzwa kwa ajili ya pombe. Usijifanye hakimu. Ziandike zote mbili, useme nani kasema lipi na alikuwa ameketi wapi akilisema. Familia inaonekana vizuri zaidi kwenye mabishano hayo kuliko kwenye picha ya pamoja ya sikukuu.

Lugha nayo isifuliwe kupita kiasi. Kama mama alikukaripia kwa Kisambaa, akabembeleza kwa Kiswahili, akasali kwa Kiarabu, basi msomaji azisikie zote tatu. Muktadha utamsaidia, si lazima kila neno ulifafanulie. Kijana aliyezaliwa Manzese lakini kila Desemba anapanda basi na ukoo mzima kwenda Moshi ana habari kubwa kuhusu yeye ni nani, na habari hiyo imo katika namna anavyobadili lafudhi basi linapokaribia Himo. Aandike kilomita zile za mwisho. Insha nzima juu ya "utambulisho" haitafika zilipofika.

Linabaki jambo linalowanyima watu usingizi: siri za nyumbani. Ushauri wangu ni huu. Rasimu ya kwanza andika yote, kwa majina yote, wala usimwonyeshe mtu. Ya pili, jiulize kwa kila siri: ni yangu, au ya mtu mwingine aliye hai? Iliyo yako, iandike kwa ujasiri. Ya mwingine, mwombe, au igeuze hadithi: badili mji, badili jina, mpe mhusika kazi nyingine. Abdulrazak Gurnah, aliyeiacha Zanzibar akiwa kijana na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, amezirudia nyumba na pwani ya utoto wake katika riwaya moja baada ya nyingine. Riwaya humpa mwandishi uhuru wa kusema ukweli bila kumwaibisha shangazi yake. Ila usigeuze hadithi kwa woga wa kumtazama mtu usoni. Msomaji huunusa woga huo.

Ukimaliza, usikimbilie kuchapisha. Wasomee nyumbani kwa sauti, jioni, watu wakiwa wamekula. Atakayekukatiza akisema "siyo hivyo, lile kopo lilikuwa la bluu" amekupa zawadi. Chukua kalamu, usahihishe. Atakayenyamaza, mfuate kesho yake mkiwa wawili, umuulize kwa adabu. Kisha toa nakala, weka tarehe na majina ya waliokusimulia, uwaachie moja. Na kama shangazi huyo bado yu hai na hujamuuliza walichota maji wapi, mpigie simu wiki hii.