Ukirudi Mkuu baada ya kupasuliwa kifua, rudi na picha zako

Mtu wa Rombo anayehitaji kupasuliwa kifua kwa ajili ya moyo mara nyingi huishia Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, kisha anarudi kihambani kuuguza kidonda. Tatizo likizuka wiki ya tatu, atakayempiga picha ni mtaalamu ambaye hajawahi kumwona, iwe hospitali ya Huruma hapa Mkuu au ya KCMC kule Moshi. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajapanda basi, ombeni nakala ya eksirei ya mwisho, majibu ya eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ya mwisho, na karatasi ya ruhusa yenye tarehe ya operesheni, kilichofanyika, aina ya vali kama amewekewa, na dawa anazotumia. Filamu iliyopigwa picha kwa simu haitoshi. Ombeni filamu yenyewe au sidii.

Nasisitiza hili kwa sababu kifua kilichofunguliwa kwa kukata mfupa wa kidari hakirudi kuonekana kama cha mtu mwingine. Mfupa hufungwa kwa nyaya za chuma ambazo hubaki humo maisha yote, na kwenye eksirei huonekana kama vipete vyeupe vilivyopangana katikati ya kifua. Siku za mwanzo maji kidogo upande wa pafu la kushoto ni jambo la kawaida. Msomaji wa picha anataka kujua kama maji hayo yamepungua au yameongezeka. Nyaya nazo ni hivyo hivyo: waya mmoja uliokatika huenda usiwe na madhara, lakini nyaya zilizohama, huu ukielekea kulia na ule kushoto, ni dalili kwamba mfupa umeachana. Bila picha ya zamani, nani atasema zimehama? Na kama mgonjwa amebeba mkungu wa ndizi au mzigo wa majani ya ng'ombe, au ameteleza shambani, aseme wazi. Mfupa huo huhitaji kama miezi mitatu kushika vizuri.

Kwa homa, kikohozi au pumzi kuwa fupi, huanzwa na eksirei. Mgonjwa akiweza kusimama, apigwe amesimama, ya mbele na ya ubavuni pia, maana ya ubavuni ndiyo inayoonyesha kidari vizuri.

Anayeishiwa nguvu ghafla, anayesikia kizunguzungu, ambaye presha yake inashuka au hawezi kulala chali, anahitaji eko haraka, hasa kama anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Damu au maji yanaweza kujikusanya ndani ya mfuko wa moyo siku au hata wiki kadhaa baada ya operesheni na kuubana, huku eksirei ikionekana karibu ya kawaida. Huyu asikae kwenye foleni. Mwelezeni muuguzi wa mapokezi kwamba alipasuliwa moyo, na lini.

Penye utata zaidi ni kidonda kinachotoa usaha, au mfupa unaocheza na kulia mgonjwa anapokohoa. Siti skani huona nyuma ya kidari, mahali ambapo eksirei haifiki vizuri. Lakini katika wiki mbili za kwanza, hewa na majimaji yaliyoachwa na operesheni yenyewe huweza kufanana kabisa na maambukizi. Muda huo ukipita, viputo vya hewa vilivyozuka upya au majimaji yanayoongezeka huwa na uzito mwingine. Ndiyo maana tarehe ya operesheni lazima iandikwe kwenye fomu ya kuombea kipimo. Na hata picha ikionekana safi, mfupa unaocheza lazima uguswe na daktari wa upasuaji.

Kabla ya mgonjwa kuchomwa dawa ya kung'arisha picha ya siti skani, semeni kama ana tatizo la figo, anatumia metfomini, aliwahi kudhurika na dawa hiyo, au ni mjamzito.

Wapo wanaokataa eksirei kwa kuogopa mionzi. Eksirei moja ya kifua haizidi takriban milisivati 0.1, ilhali mionzi ya asili ardhini na angani humpa binadamu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Siti skani ya kifua ni kubwa zaidi, kama 5 hadi 7, kwa hiyo ni halali kumwuliza daktari anatafuta nini.

Safari ya Moshi hupitia Marangu na Himo. Anayehema kwa shida asipandishwe bodaboda hata kidogo; aanzie Huruma, apewe oksijeni na barua ya rufaa. Majibu yakitoka, chukueni nakala, muwapigie simu waliompasua Dar na kuwasomea yaliyoandikwa, kisha picha mpya iwekwe kwenye bahasha moja na zile za zamani, kwa kufuata tarehe.