KIKOSI 617 NA BARAJI ZA UJERUMANI

Wanafunzi wenzetu, katika fizike tunajifunza mkazo wa maji, na wengi wanauliza: hii itatusaidia wapi? Sisi wa mwaka wa mwisho tunawaletea habari moja ya vita ya pili ya dunia, mujionee wenyewe.

Tarehe 21 mwezi wa tatu 1943, jeshi la anga la Uingereza liliunda kikosi namba 617 kule Scampton. Mkubwa wake, Guy Gibson, alikuwa na miaka 24 tu. Walipewa ndege za Lancaster na kazi moja: kubomoa baraji zilizopatia viwanda vya Ruhr maji na umeme.

Bombe za kawaida zisingeweza kitu, na mbele ya ukuta Wajeremani walitega nyavu za chuma. Ndipo enjenia Barnes Wallis akafikiri sawa mtoto anayetupa jiwe bapa juu ya ziwa: linaruka, linaruka, kisha linazama. Alijaribu kwanza kwake nyumbani, na vigololi juu ya maji. Bombe yake ilikuwa kama pipa, karibu kilo 4,200. Mbele ya kuiangusha, mota iliizungusha kinyumenyume mara 500 kwa dakika. Hivi iliruka nyavu, ikagonga ukuta, na ule mzunguko ukaifanya itelemuke ikishikamana na ukuta. Ilipofika metere 9 ndani, mkazo wa maji wenyewe uliilipusha. Na maji hayabonyei sawa hewa, basi nguvu ilisukumwa ndani ya ukuta. Ni mkazo ule ule tunaouandika katika kayee!

Lakini ilipaswa kuruka metere 18 tu juu ya maji, tena usiku. Walifunga taa mbili chini ya ndege, mianga yao ikutane juu ya maji kwa kimo kile barabara. Wapenda jiometria wamekwisha kufahamu.

Usiku wa 16 kuamkia 17 mwezi wa tano 1943, ndege 19 ziliondoka na watu 133. Baraji ya Möhne ilivunjika kwa bombe ya tano, Eder ikafuata. Sorpe, yenye ukuta wa udongo, ilisimama. Ndege 8 hazikurudi, watu 53 walikufa. Maneno ya kikosi yakawa ya Kifaransa: «Après moi le déluge», ni kusema, kisha mimi, gharika.

Na gharika ile ilichukua nani? Watu kama 1,600. Zaidi ya nusu walikuwa wageni, wengi wanawake wa Urusi ya Kisovieti walioletwa kwa nguvu kufanya kazi, wakafungiwa katika kambi chini ya Möhne. Mateka wa Hitler! Na ile baraji ilijengwa tena mbele ya mwaka kuisha.

Katika darasa tulibishana mpaka kengele ikalia. Wengine walisema vita ni vita, ao kwamba bila viwanda Hitler angeshindwa upesi. Wengine walitaja wale wanawake.

Kikosi kiliendelea: tarehe 12 mwezi wa 11, 1944, pamoja na kikosi 9, kilizamisha manowari Tirpitz kule Norwe. Wallis alilia juu ya vijana 53, na zawadi ya pauni 10,000 aliyopewa kisha vita aliitoa kwa masomo ya watoto wa askari wa anga waliokufa. Mwaka 1977, protokole iliyoongezwa juu ya mapatano ya Geneva ilikataza kushambulia baraji kama maji yake yangeua raia wengi.