Mgongo wa mtoto hufungika mapema

Siku zako zimechelewa kidogo, nawe wadhani ni uchovu wa kazi. Kumbe tumboni mambo makubwa yanaendelea! Katika wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, mgongoni mwa kiumbe huwa na utando bapa. Katikati yake hubonyea kama mfereji, kisha kingo huinuka, zikainamiana na kushikana, mfano wa mkeka unaokunjwa. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo, na hufungika kabisa kufikia siku ya 28. Usipofungika upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na huenda miguu yake ikapooza.

Utafiti ulioongozwa na Waingereza mwaka 1991 ulithibitisha kwamba vitamini iitwayo asidi ya foliki huzuia visa vingi. Basi usingoje kliniki ya wajawazito, utakuwa umechelewa. Kama waweza kushika mimba, meza mikrogramu 400 kila siku, ukianza angalau mwezi mmoja kabla. Sukuma wiki na maharagwe husaidia, lakini usivitegemee peke yake. Uliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi, au unayetumia dawa za kifafa, muone daktari kwanza, kwani huenda ukahitaji kipimo kikubwa zaidi. Dawa za kifafa usiziache kwa hiari yako.