Kumkumbuka bibi aliyependa mpira na ndege

Kigali ni mji unaojua kukumbuka. Tarehe 7 Aprili ikifika, bendera hupepea nusu mlingoti, shamrashamra husimama, na watu hupanda Gisozi walikozikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Kumbukumbu hiyo ina taratibu zake, na hakuna mkazi asiyezijua. Lisilo na utaratibu ni la nyumbani: kumkumbuka bibi aliyefariki kwa uzee, baada ya miaka mingi ya kushangilia mpira na kupanda vilima.

Bibi wa namna hiyo ni bahati kubwa hapa. Bugesera na Huye, kwa mfano, zipo nyumba ziitwazo Impinganzima wanamotunzwa Intwaza, wazee waliopoteza watoto wao wote mwaka ule. Watoto wengi wa Kigali nao wamekua bila bibi wala babu, wengine bila hata picha. Ndiyo maana jambo la kwanza kupanga ni tarehe. Wiki ya maombolezo, 7 hadi 13 Aprili, si wakati wa michezo na vicheko vya familia, hata kama bibi mwenyewe alifariki wiki hiyo. Sogeza mbele. Marehemu hatadai.

Bibi anayesimuliwa hapa aliishi mtaa wa Nyamirambo, na mwandishi ni mmoja wa wajukuu zake. Alikuwa shabiki wa Rayon Sports, timu ya bluu na nyeupe iliyoanzishwa Nyanza mwaka 1968, na ushabiki wake haukuwa wa kukaa kimya. Redio yake ndogo, iliyofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea zamani, aliibana kati ya bega na sikio huku mikono ikichambua maharage. Rayon wakifungwa, mabovu na mazuri yaliingia sufuria moja, na chakula cha jioni kililiwa kwa tahadhari. Nje ya mpira alikuwa mtu wa ndege. Njiani akisikia mlio alisimama, na msafara mzima ulisimama naye, mwenye dumu la maji kichwani asubiri.

Hitma iliposomwa na wageni wakatawanyika, watoto wake walitaka kuchapisha fulana zenye picha yake. Wajukuu hawakuona maana. Fulana huvaliwa siku moja kisha hugeuka tambara la kufutia pikipiki. Wakaamua siku ya bibi iwe ya kutoka nje.

Kigali inasaidia. Tangu Mei 2016 mji una Jumapili zisizo na magari, mara moja kwa mwezi mwanzoni, baadaye mara mbili. Barabara kadhaa kuu hufungwa kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, watu hukimbia, huendesha baiskeli, hufanya mazoezi ya pamoja, na pembeni wahudumu wa afya hupima sukari na shinikizo la damu bila malipo. Familia yenye wazee ianzie kwenye vipimo hivyo. Ndipo itajulikana nani apande mlima na nani abaki Biryogo, kwenye mtaa usioingia magari, akisubiri wenzake kwa chai na chapati.

Mlima wenyewe ni Mlima Kigali, wenye urefu wa takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, unaoinuka nyuma ya Nyamirambo. Hapo ndipo siri ya shughuli nzima ilipo. Mkalishe mjomba kwenye kiti, umwekee simu mbele ya mdomo, umwambie asimulie habari za mama yake. Atakupa mwaka wa kuzaliwa na jina la kijiji, basi. Mtembeze mlimani. Kwenye mteremko wa pili atakumbuka jinsi mama huyo alivyomfukuza mwamuzi uwanjani kwa mwavuli. Simu isiwe mfukoni, kwa sababu kitambaa huisugua na sauti hupotea. Ibebwe mkononi na mtoto mkubwa, na anayesimulia aambiwe kuwa anarekodiwa.

Kwa upande wa mpira, uwanja wa Nyamirambo uko jirani. Tangu Machi 2023, wakati wa mkutano mkuu wa FIFA uliofanyika Kigali, unaitwa Kigali Pelé Stadium. Wajukuu huenda huko Rayon wanapocheza, na skafu ya bibi huvaliwa na mtoto mdogo kuliko wote. Huo ndio urithi pekee ambao haujaleta ugomvi katika ukoo.

Lakini siku ambayo ingempendeza zaidi, laiti angeiona, ilikuwa ya baiskeli. Tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume za siku ya mwisho zilikuwa za kilomita 267.5. Njia yao ilipanda Mlima Kigali, kisha ikapita Kwa Mutwe, kile kipande kifupi cha mawe hapa Nyamirambo ambacho wanamichezo hukiita Ukuta wa Kigali. Bibi alikuwa na mahali pake pa kusimama hapo kila mbio za baiskeli za Tour du Rwanda zilipopita, akigonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Familia ilisimama palepale na mfuniko uleule. Tadej Pogačar wa Slovenia aliwaponyoka wenzake kwenye mlima huohuo, zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akatwaa ubingwa. Walioanza walikuwa zaidi ya 160; waliomaliza ni 30 tu. Wakazi wa Nyamirambo, wanaopanda vilima hivyo kila siku na mizigo, walicheka kidogo.

Ndege wanataka siku yao peke yao, maana kelele na ndege havikai pamoja. Nyandungu, kinamasi kilichoharibika kisha kikakarabatiwa, ilifunguliwa mwaka 2022 kama bustani ya hekta 121 yenye njia za miguu na za baiskeli na miti ya asili. Ukiwa na watoto wadogo, nenda Umusambi Village, upande wa mashariki wa mji. Huko wanatunzwa korongo wenye taji waliokuwa wakifugwa majumbani na mahotelini, kisha wakaokolewa na chama cha daktari wa mifugo Olivier Nsengimana. Wanaoweza kuruka hurudishwa porini. Waliokatwa au kuvunjika mabawa hubaki pale. Mtoto akimwona korongo asiyeweza kuruka akicheza dansi mbele ya mwenzake, huhitaji kumweleza kwa nini bibi alikuwa akisimama njiani.

Mwisho ni mti wa kumkumbuka bibi. Umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na msimu wa kupanda huja na mvua za Oktoba. Mikaratusi usiipande karibu na maji, kwani hunywa mno. Umuvumu, mti ambao zamani ulipandwa kwenye makazi ya wafalme, unapendwa na ndege kwa matunda yake, ila unataka nafasi kubwa; uwanja ukiwa mdogo panda umusave.

Ukitaka kuanza mwaka huu, mwone kiongozi wa umudugudu wako, yaani mtaa wako, kabla ya Umuganda, umuulize ni wapi panapandwa. Maji ya kunywa yabebe kwenye chupa ya kurudia na vitafunio kwenye kikapu, kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Na kama jirani yako hana bibi wa kumkumbuka, mwalike aje na watoto wake.