Magugu, Ngano na Haki ya Mtungaji

Amri ya Saba yatukataza kuiba. Lakini siku hizi za intaneti wengi huuliza: Mtu akinakili wimbo au programu ya kompyuta, na mwenyewe akabaki nayo, ameiba nini? Jibu ni hili: amemnyima mfanyakazi ujira wake. Mtungaji hutoa jasho kama mkulima, naye astahili kula matunda ya kazi yake.

Hata hivyo, haki hiyo yaweza kulindwa kwa njia isiyo ya haki. Na tutazame mambo yaliyotokea Marekani.

Mwaka 1998 nchi hiyo ilitunga sheria ya hakimiliki katika intaneti. Mwenye kazi akiiona katika tovuti bila idhini yake, humpelekea mwenye tovuti taarifa, naye huiondoa asije akashtakiwa. Aliyeiweka, akiona ameonewa, aweza kujitetea.

Lakini tovuti za nchi za nje zilikuwa mbali na mkono wa sheria hiyo. Kwa hiyo mwaka 2011 ililetwa miswada miwili: SOPA katika Baraza la Wawakilishi, na PIPA katika Seneti. Wenye filamu na nyimbo waliiunga mkono. Ilikusudiwa kwamba mahakama iweze kuamuru tovuti zenye kuchuma kwa kazi za wizi zikatiwe malipo na matangazo, wala zisionyeshwe na mitambo ya kutafutia habari.

Kusudi lilikuwa jema. Mbona basi wengi walipinga? Walisema maneno ya miswada ni mapana mno. Waliogopa kwamba kampuni changa ya vijana wawili watatu, yenye kupokea maandishi ya watu wengi, ingeweza kuangamia kwa kosa la mmoja wao, nayo haina fedha za wakili. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilifunga kurasa zake kwa saa 24. Siku mbili baadaye miswada yote miwili iliahirishwa, wala haikupata kuwa sheria.

Twakumbuka mfano wa Injili. Mwenye shamba aliwazuia watumishi wasing'oe magugu, kusudi wasing'oe na ngano. Lakini hakusema kwamba magugu ni mema.

Basi tujifunze mambo mawili. Kwanza, mtunga sheria hana budi kumtenga mwenye hatia na asiye na hatia, na kumsikiliza mshtakiwa kabla ya kumwadhibu. Pili, kuanguka kwa mswada hakuhalalishi wizi. Dhamiri haingoji Bunge.

Wako watungaji wa programu wanaowaruhusu wote kuzinakili. Hao wametoa sadaka ya kazi yao, na masharti yao yaheshimiwe. Wengine hawakuruhusu. Kabla ya kurushiana nyimbo za kwaya kwa simu, tuulize kwanza: Je, wenyewe wameruhusu? Wakiruhusu, tuwashukuru. Wasiporuhusu, tuwalipe, au tuziache.