Upole Si Leseni: Kijitabu kwa Wenye Mbwa Waoga, Mitaa ya Eastlands

Kijitabu hiki kimezaliwa na malalamiko. Yanatoka Kayole, Umoja, Dandora, Kariobangi, Donholm na Buruburu, na yote yana sura moja. Mtu amemwokota mbwa jalalani au mlangoni pa bucha, akamlisha, akamwosha, akampa jina. Mbwa ametulia, ila mgeni akibisha hodi anajipenyeza chini ya kitanda na kutetemeka. Siku ya chanjo inakuja, mbwa anakata kamba na kutoroka, au anamuuma yule yule aliyemwokoa. Ndipo jirani anaposema: kuna kijana wa agroveti, mpole kweli kweli, anakuja mpaka mlangoni. Kijana anakuja, anachoma sindano, anapokea pesa kwa M-Pesa, anaandika kadi. Baadaye mbwa anamuuma mtoto wa ploti, kadi inatolewa, na jina lililo juu yake halimo katika orodha yoyote ya madaktari.

Tunajua wengi wenu hamtuamini. Wazee wa Makadara na Kaloleni wanakumbuka enzi ambapo dawa ya serikali kwa mbwa wa mtaani ilikuwa nyama yenye sumu ya strikinini. Hatukatai. Lakini leo kampeni za chanjo zinafika hadi kwenye kambi za machifu, na hatuoni haya kusema kwamba ni kazi nzuri. Anayekataa kijitabu hiki kwa sababu ya mambo ya zamani anamkomoa mbwa wake, si ofisi.

WOGA WA MBWA UNATUHUSU NINI?

Kichaa cha mbwa kiliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya karne moja imepita na bado inakadiriwa kwamba kinaua watu wapatao 2,000 nchini kila mwaka, wakiwemo watoto wengi. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Kinachobaki ni mazishi. Mpango wa taifa wa kukimaliza ulianza mwaka 2014 na unalenga mwaka 2030, na msingi wake mkuu ni huu: asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, mwaka baada ya mwaka.

Sasa fikirini ni mbwa yupi anayekosa chanjo. Yule mchangamfu hupanga foleni kwa chifu akitikisa mkia. Mwoga hubaki chini ya kitanda, na mwenyewe husema, mwaka ujao. Ndiye huyo huyo atakayeuma, kwa sababu mara nyingi mbwa huuma kwa hofu. Ndiyo maana tunataka apate daktari mpole. Hatukuandika haya kwa kuwahurumia mbwa peke yao, ingawa Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inatudai hilo pia.

SINDANO YA MLANGONI

Someni sehemu hii mara mbili.

Kijana wa mlangoni kweli ni mpole. Ana subira, anaongea polepole, anachuchumaa, bei yake ni nafuu. Hatubishani na hayo. Tunachosema ni kwamba upole si leseni. Chini ya sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, hakuna anayeruhusiwa kumtibu mnyama wako kwa malipo kama hajaandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, ile mnayoijua kwa herufi KVB. Kuuza dawa ya kupe hakumfanyi mtu daktari, wala kuvaa koti jeupe.

Mbona mbwa anatulia mikononi mwake? Mara nyingine ni kwa sababu amemlevya. Zailazini, dawa ya kuwalaza ng'ombe, hupatikana mikononi mwa watu wasioijua. Kwa mbwa hupunguza mapigo ya moyo na mara nyingi huleta kutapika. Mdomo wa mbwa huyo umekwisha fungwa kwa kamba ya nailoni ili asiume, kwa hiyo akitapika matapishi hayana pa kutokea. Vilevile mbwa hupoza mwili kwa kuhema ulimi nje. Mfunge mdomo saa nane mchana juu ya saruji ya ploti, na joto litammaliza kabla ya sindano. Kisha kuna hili ambalo watu hawaliamini mpaka waone: aliyelevywa namna hiyo anaweza kuzinduka ghafla kwa mlio wa honi ya matatu na kuuma bila kunguruma kwanza.

Hata asipolevywa, iulizeni chanjo yenyewe. Chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Iliyozunguka kwenye mfuko wa koti kutoka Outering hadi Komarock juani haina hakika ya kumkinga mbwa yeyote, na kwa macho huwezi kuitofautisha na nzima. Asiye na kikasha cha barafu asifungue sindano nyumbani kwako. Asiyekuonyesha kichupa, asichome. Asiyebandika kibandiko cha kichupa kwenye kadi, pamoja na tarehe, jina lake, namba yake ya usajili na sahihi, hujamlipa kwa chanjo. Umemlipa kwa karatasi.

Na msiwe mnampa mbwa Piriton, valiamu au dawa za maumivu za nyumbani ili "alegee" kabla daktari hajafika. Ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa. Zipo dawa za kupunguza hofu ambazo mbwa hunywa nyumbani kabla ya safari, na zinafanya kazi, lakini kipimo chake anakitoa daktari aliyempima mbwa huyo, si jirani ambaye mbwa wake alipona.

Turudie: upole si leseni.

KUMPATA DAKTARI

Anza na leseni, kisha upole. Madaktari waliosajiliwa wamo kwenye orodha ya Bodi, na leseni ya kutoa huduma huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo cheti cha miaka mitatu iliyopita kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Omba namba ya usajili kwa simu kabla ya kuomba bei. Daktari wa kweli haoni tusi katika swali hilo. Anayekasirika amekwisha kujibu. Wapo pia wasaidizi wenye diploma au cheti walioandikishwa na Bodi hiyo hiyo. Nao ni halali, ila kazi zao zina mipaka.

Leseni nayo si upole, hilo tunalikiri bila kupenda. Wapo waliosoma miaka mingi Kabete na bado wanamkaba mbwa shingo. Una haki ya kusema simama, kumchukua mbwa wako na kwenda kwingine.

Kwenye simu sema hivi: "Daktari, mbwa wangu aliokotwa, anaogopa watu. Tufanyeje?" Kisha nyamaza, sikiliza. Akijibu "leta tu, tutamshika," mshukuru na ukate simu. Anayefaa atauliza mbwa huogopa nini hasa: wanaume, fimbo, milango ya chuma? Atakupa saa ya asubuhi kabla wengine hawajafika. Atakwambia msubiri nje, na uje na kitu anachopenda. Vipande vya matumbo ya kuchemsha vinashinda biskuti yoyote ya dukani. Pengine atapendekeza safari ya kwanza isiwe na sindano kabisa: aje, anuse, ale, arudi. Msione huko ni kupoteza nauli. Sophia Yin, daktari wa Marekani aliyefariki mwaka 2014, aliwafundisha wenzake kwamba mnyama anayeshikwa kwa nguvu leo huwa mgumu zaidi kesho, na kila mwenye mbwa aliyewahi kumburuta kutoka chini ya kitanda anajua.

Ukifika, tazama mwili wa daktari. Mpole wa kweli hasimami juu ya mbwa wala kumkodolea macho. Hukaa ubavu, huacha mkono chini, humpima sakafuni kama meza inamtisha. Huacha kazi katikati mbwa akianza kuramba midomo, kupiga miayo bila usingizi, au kugeuza jicho hadi weupe uonekane. Anayesema "anajifanya tu" hajui anachokitazama.

Matatu hazipakii mbwa, na madereva wengi wa teksi wakisikia kunguruma hubadili mawazo. Kwa hiyo kwa mitaa yetu daktari wa kuja nyumbani mara nyingi ndiye bora, maadamu ni daktari. Masharti ni yale yale: namba, kikasha cha barafu, kibandiko. Wenye uwezo wa safari ndefu wana kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, na KSPCA, shirika la kutetea wanyama lililoanza mwaka 1910 na lenye makao yake barabara ya Lang'ata.

Foleni ya kampeni kwa chifu ni nzuri kwa mbwa wengi. Kwa mwoga ni balaa: mbwa arobaini, minyororo, watoto wanapiga mbinja. Kama huna njia nyingine, nenda mapema kabisa, mwache mbali na mtu anayemjua, umwite zamu yake ikifika. Mzoeshe nyumbani, wiki kadhaa kabla, kikapu cha kumvika mdomoni kinachomruhusu kuhema na kula. Mpake siagi ya karanga ndani aingize pua mwenyewe. Kamba ya nailoni acheni kwa kuanikia nguo.

Kuhusu umri, ada, leseni ya mbwa ya kaunti na nani anastahili chanjo ya bure: mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka, mengine ulizeni ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yenu, maana hubadilika.

AKIUMA

Chanjo ya mbwa isikuzuie kufanya haya, hata kadi ikiwa safi. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, tumia saa. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majivu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, Mama Lucy Kibaki au iliyo karibu, na sema wazi kwamba umeumwa na mbwa. Ukiambiwa chanjo imeisha, uliza iko wapi na uende huko; usirudi nyumbani kungoja. Ukianza dozi zimalize zote, hata jeraha likipona.

Usimuue mbwa. Mfungie mahali salama kwa siku 10 na umjulishe daktari wa mifugo. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, hakuwa akitoa virusi mateni siku aliyouma. Akifa kabla ya hapo, msimzike wala msimtupe jalalani Dandora. Mfunikeni, zuieni watoto wasimguse, na pigeni simu ofisi ya mifugo: kichwa chake kinahitajika maabara ya Kabete, na aliyeumwa anangoja majibu.